Fungeni ziwa, lakini tuachieni usiku mmoja wa lusenga, wavu wa babu zetu

Barua ya wazi kwenu mnaosimamia uvuvi wa Ziwa Tanganyika: mlioko wizarani, mlioko kwenye halmashauri za mwambao tangu Kagunga hadi Kasanga, mlioko Bujumbura kwenye Mamlaka ya Ziwa, na ninyi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kulinda ziwa, ambao wengine nawajua kwa majina ya utoto.

Waheshimiwa, habari za kazi na poleni na majukumu.

Julai 2024 nilikwenda Katonga, Kigoma, kwenye arobaini ya shangazi yangu. Nilifuatana na mjukuu wangu wa miaka 9, mtoto wa Dar es Salaam ambaye dagaa anawajua wakiwa ndani ya gunia tu. Njia nzima kwenye treni nilimsimulia taa za wavuvi wa usiku. Nilikuwa nimehesabu mwezi ili tufike katikati ya giza, maana ndipo ziwa linapopendeza. Usiku wa kwanza nikamshika mkono tukatoka uani, tukasimama chini ya mwembe wa marehemu babu. Ziwa lilikuwa jeusi kuanzia miguuni petu hadi upande wa Congo. Akaangalia, akasubiri, akaniuliza taa ziko wapi. Nikamwambia ziwa limefungwa, hakuna kuvua. Akarudi ndani kucheza na simu ya mjomba wake.

Kwamba ziwa limefungwa nilikuwa najua vizuri kabisa. Kazi yangu ni kuuza dagaa, ningekosaje kujua? Ila nilidhani zingebaki taa mbili tatu za wazee karibu na mawe, za kuchotea mboga. Hata moja haikuwepo. Asubuhi nikateremka mwaloni nikamuuliza kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni kama mzee anaweza kuingia na mtumbwi wa kasia akachota kikapu cha kula. Alinijibu kwa adabu: “Mama, ziwa limefungwa ni limefungwa.” Simlaumu. Agizo alilopewa ndilo hilo.

Niwatoe wasiwasi mapema: sipingi ziwa kufungwa. Nauza dagaa Manzese mwaka wa 26 sasa, na mikono yangu ilijua habari hii kabla sijaisikia redioni. Ukiingiza mkono kwenye gunia la dagaa wa Kigoma wa zamani, ulikuwa unahisi samaki, mmoja mmoja, mkavu, mzima, ana kichwa na mkia. Siku hizi kuna magunia ukiingiza mkono unatoka na unga. Migebuka iliyokuwa ikikatwa vipande vinne kwa ajili ya familia, leo inashushwa mingine imelingana na kiganja changu. Na bei, sado moja ya dagaa wetu sasa bibi angeambiwa angedhani anauziwa kuku. (Wapo wenzangu wanaochanganya na dagaa wa Mwanza wakaapa kwa Mungu kwamba mzigo wote umetoka Kigoma. Hao nao waandikiwe barua yao.)

Kwa hiyo nchi 4 zenye ziwa, yaani sisi, Congo, Burundi na Zambia, zilipokubaliana uvuvi usimame miezi 3 kila mwaka, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mimi niliona mmechelewa. Na najua tatizo si wavuvi peke yao. Watafiti waliandika tangu mwaka 2003 kwamba ziwa linapata joto na chakula cha samaki kinapungua. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, ni ya pili duniani baada ya Baikal, na rutuba yake imelala huko chini kusikokuwa na hewa wala samaki. Upepo wa kusi, unaovuma Mei hadi Septemba, ndio unaoyasukuma maji mpaka ile rutuba ipande juu: ilishe vijimea, vijimea vilishe vijidudu, vijidudu vilishe dagaa, dagaa walishe migebuka na sisi. Maji ya juu yakizidi joto yanatanda kama mawese juu ya mchuzi, na upepo unayapapasa tu bila kuyakoroga. Baba yangu hakusoma utafiti wowote. Alikuwa akirudi alfajiri na mtumbwi mwepesi anasema, “Mwaka huu ziwa halijageuka,” anakwenda kulala.

Basi hata wavuvi wote wangekuwa malaika, ziwa lina homa. Na sisi malaika si sisi. Kaka yangu mwenyewe aliwahi kuvuta kokoro pwani, likakomba mpaka mayai, na mimi nilikiuza alichokivuta. Nayasema haya ili msije mkadhani anayewaandikia ni mtu aliyekuja kulilia tumbo lake akalipamba kwa jina la mila.

Ninachokililia ni kitu kidogo, na nadhani wengi wenu hamjawahi kukiona kikifanya kazi. Nacho ni lusenga.

Kwa waliozaliwa kwenye nyavu kubwa: lusenga ni wavu wa kuchotea. Mti mwembamba unapindwa duara, unashonewa wavu wenye umbo la mfuko mrefu unaochongoka mwishoni, kisha unafungwa kwenye mpini unaomzidi mtu kimo. Mtu mmoja anausimamia. Wazee wetu walivulia huo kabla ya mitumbwi miwili kuunganishwa, kabla ya karabai, kabla ya meli ile ya Wajerumani kuitwa Liemba. Moto wa kuni uliwashwa mbele ya mtumbwi, dagaa wakaufuata mwanga, mtu akasimama akachota. Basi.

Nilipopata akili, mwishoni mwa miaka ya 1970, baba alikuwa tayari ni mtu wa kipe: mitumbwi miwili, wavu mkubwa unaoshushwa katikati, karabai zimepangwa, vijana wanne au zaidi wa kuvuta. Babu alikuwa hataki kusikia. Kipe alikiita “kiwanda.” Kuni alikwisha kuziacha, kwa sababu mlima ulikuwa umekwisha miti na bibi alikuwa amekwisha uvumilivu, ila karabai aliyoazima kwa baba aliibeba kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani. Alilalamika kwamba mwanga wake ni wa hospitali. Mimi ndiye nilikuwa naiwasha. Unamimina spiriti, unasubiri ipashe, unapiga pampu taratibu, na ole wako uguse kile kitambaa cheupe kilichokwisha kuwa majivu. Kikidondoka, usiku umekwisha na babu anakunyamazia siku mbili.

Kaka zangu walikwenda na baba. Mimi, msichana wa miaka 8 au 9, nikabaki kuwa mtu wa babu. Baadhi ya majirani walisema mtoto wa kike haingii mtumbwini. Babu akawajibu kwamba mtumbwi wake haujui kusoma.

Tulikuwa hatuendi mbali. Tunapita mawe, tunazunguka ile rasi, tunasimama mahali ambapo bado unasikia mbwa wa kijijini. Kazi yangu ilikuwa kushika kasia ili mtumbwi usigeuke, na kunyamaza. Hiyo ya pili ndiyo ilikuwa ngumu. Mwanzoni hakuna kitu, ni maji ya kijani chini ya taa na wadudu wanaojigonga kwenye kioo. Kisha inapita cheche moja chini sana, mfano wa sindano iliyodondoka. Kisha tatu. Kisha unaona kama kuna mtu anapepeta mchele wa fedha chini ya mtumbwi, wanazunguka taa upande mmoja wote, wanapanda, wanapanda, mpaka unasikia maji yananong’ona. Hapo babu anasimama.

Watu wanafikiri lusenga inachotwa juu kama unavyochota maji pipani. Ukifanya hivyo umewafukuza. Babu aliizamisha mbali na mwanga, mdomo ukiwa umelala, akaipitisha chini yao polepole kama anavuta shuka kwa mtu aliyelala, halafu akaigeuza ghafla kuielekea taa na kuinyanyua. Mgongo wote unafanya kazi. Mtumbwi unalala upande wangu, nami najitupa upande wa pili bila kuambiwa. Dagaa wanamwagika ndani ya mtumbwi kwa sauti ambayo sijaisikia kwingine popote, labda mvua ya kwanza kwenye bati, ile ya matone manene.

Alikuwa na masharti yake. Mchoto wa kwanza alitazama kwanza, hamwagi. Akikuta wale wadogo mno, wale wanaopenyeza mwanga kama kioo, anaukunjua wavu majini na tunarudi nyumbani hata kama ni saa 3 usiku na ndiyo kwanza tumefika. Hakueleza. Aliniambia tu, “Hawa bado wananyonya.” Wakiwa wakubwa, mchoto mmoja katika kila minne ulikuwa wa mama mmoja mjane aliyekaa jirani na msikiti, naye hakuwahi kuuomba. Na mtumbwi ukifika usawa wa alama aliyoikwaruza kwa kisu ubavuni kwa ndani, imetosha, hata kama dagaa bado wanachemka chini ya taa. Siku moja nilimwuliza kwa nini tunawaacha. Akaniuliza, kesho sitakula?

Asubuhi kazi ilikuwa ya bibi. Dagaa walimwagwa kwenye mchanga, wakatandazwa kwa majani ya mchikichi, sisi watoto tukipewa fimbo za kufukuzia kunguru. Mchana, jua likiwa kali, unawageuza. Wingu likitokea milimani unasikia kijiji kizima kinapiga kelele ya “Anueni!” na hata waliogombana wanasaidiana. Siku hizi kuna vichanja, na ni jambo jema, dagaa hawana mchanga; wateja wangu wanapenda na mimi napenda. Ila waliobaki wabichi jioni ile bibi aliwapika na mawese, nyanya na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, kwa ugali wa muhogo. Sina maneno ya kueleza hapo. Mwenye kujua anajua.

Kuna kitu kingine mnapaswa kukijua, kwa sababu naona kwenye mikutano kinazungumzwa kana kwamba kupumzisha ziwa ni habari mpya iliyoletwa na gari la ofisi. Ziwa lilikuwa linapumzika kila mwezi. Taa haina kazi mbele ya mbalamwezi. Dagaa hawaifuati, wametawanyika. Kwa hiyo mwezi ukikua, wavuvi wanakaa nyumbani kama siku 10, ukipungua wanaingia tena kama siku 20. Kalenda yetu ilikuwa hiyo. Mbalamwezi ilikuwa ya kushona nyavu, kuziba mitumbwi, kuoa, kwenda Ujiji kusalimia, kulipana madeni au kukwepana. Sisi watoto tulicheza nje mpaka usiku kwa sababu baba zetu wapo na hakuna aliyelala. Hata harusi yangu ilikuwa mbalamwezi. Mkiwaambia wazee wa Katonga au Kibirizi kwamba mmefunga miezi 3, wao kichwani wanahesabu kwamba mmewachukulia giza tatu. Semeni hivyo kwenye mikutano, mtaona watakavyosikiliza.

Lusenga haikuuawa na ninyi, nisiwasingizie. Iliuawa na hesabu. Kipe kinaleta ndoo ambapo lusenga inaleta kikapu. Karabai moja zikawa nne, nne zikawa nane, kisha zikaja taa za betri na za sola ambazo hazitaki spiriti wala mtoto wa kupiga pampu. Vijana wakaona aibu kusimama na mpini kama babu zao. Ikabaki mikononi mwa wazee wachache, na ya usiku mmojammoja, pale dagaa wa aina ya lumbu wanapojileta karibu na pwani na mtu hana mafuta ya injini. Huyo aliyebaki ndiye mlimfungia pamoja na vipe vyote.

Sasa nataka niwapeleke mbali kidogo, mniwie radhi.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alizaliwa Fizi, Congo, ng’ambo ya pili. Mama mkubwa aliolewa huko. Kwetu ziwa halikuwa mpaka, lilikuwa njia ya kwenda ukweni. Vita ya 1996 ikamleta upande wetu, akakaa kambi ya Nyarugusu karibu miaka 20, kisha akapelekwa Marekani. Sasa anaishi Portland, jimbo la Oregon. Mvuvi wa kuzaliwa, huko anapanga mizigo ghalani. Februari moja alinipigia simu ya video saa za usiku wa kwetu, amevaa koti kama godoro, nyuma yake mto wa rangi ya chuma na watu wamejipanga ukingoni. Anapiga kelele: “Dada! Dada, tazama! Lusenga!”

Nikatazama. Wallahi ni lusenga. Mpini mrefu, duara, mfuko wa wavu. Wazee wa Kizungu wamevaa viatu vya mpira, watoto na ndoo, mama mmoja anamkemea mumewe kwa kuinua wavu vibaya (sikuelewa maneno, lakini niliielewa kabisa sauti). Wanazamisha, wanapitisha, wanainua, na ndani kuna samaki wembamba wa fedha, wakubwa kuliko lumbu wetu. Mto unaitwa Cowlitz, uko jimbo la Washington, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka kwake. Samaki wanamwita smelti. Anatoka baharini kila mwisho wa baridi kuja kutaga mtoni, na ana mafuta mengi hivi kwamba akikaushwa unaweza kumwasha kama mshumaa. Mji wa Kelso ulioko hapo ukingoni ulijiita makao makuu ya smelti duniani. Familia zilichota ndoo kwa ndoo, babu na baba na mjukuu, kama sisi.

Na kama sisi, samaki wakaisha. Mwaka 2007 watu wa kabila la Cowlitz, waliokuwa na mto huo kabla ya kila mtu, wakaiomba serikali imlinde. Nisomeeni vizuri hapo: waliomla muda mrefu kuliko wote ndio walioomba. Mwaka 2010 akaandikwa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Kuchota kukafungwa kabisa kwa miaka kadhaa. Ilipofika 2014 kukafunguliwa tena, ila sikilizeni namna walivyofungua. Wasimamizi wanaangalia kwanza kama samaki wameingia wengi. Wakiridhika, wanatangaza siku moja, pengine mbili tatu kwa msimu mzima. Siku yenyewe ni saa 5: kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Unachota ukiwa ukingoni, huingii na boti. Kila mtu haruhusiwi kupita ratili 10, yaani kilo 4 na nusu, robo ya ndoo yao. Kwa miaka mingi hukuhitaji leseni. Samaki wasipotosha, mwaka huo hakuna kitu, na kweli imekuwepo miaka ambayo hapakufunguliwa.

Kaka aliniambia walikuwepo watu waliokwenda pale toka alfajiri kwa ajili ya robo ya ndoo. Nikamwuliza, si wangenunua dukani? Akacheka. Akasema mzee aliyesimama karibu naye hali hata samaki, tumbo lake linamkataa. Alikuja kumfundisha mjukuu kuushika mpini.

Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile. Nchi yenye pesa zote zile, wanasayansi wote wale, samaki yuko kwenye orodha ya hatari kisheria, na bado mtu fulani ofisini alikaa akaona kwamba saa 5 za kumwachia mzee na mjukuu wake haziui samaki, na kuzinyima kunaua kitu kingine.

Ombi langu ni hili. Katika zile giza tatu za kufungwa, tupeni usiku mmoja kwa kila giza. Kuanzia jua kuzama hadi saa 4. Lusenga tupu, ya mkono, ukiwa pwani au kwenye mtumbwi wa kasia usio na injini, taa moja. Kila kaya sado moja ya dagaa wabichi, wa kula, si wa kuuza. Mimi mwenyewe mfanyabiashara nasema marufuku kuuza, mkinikuta nao Manzese nikamateni. BMU wasimame mwaloni na sado yao ya kupimia. Na kabla ya kila usiku, wataalamu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, pale Kigoma waseme kama dagaa waliopo wanaruhusu. Wakisema hapana, ni hapana, tutakaa tusimulie.

Najua mtakachoniuliza, maana nimekaa kwenye mikutano ya wavuvi na sijasahau. Mtu atasema ni lusenga, kumbe nyuma ya mawe ameficha chandarua cha mbu. Kweli, atakuwepo. Wa kwanza pengine atakuwa wa ukoo wangu. Lakini usiku ambao watu wote wa kijiji wako majini na taa zao, na kila mmoja ana haki yake ya sado moja, mwizi anaonekana na watu 100. Usiku ambao ziwa ni tupu na jeusi anaonekana na nani? Boti ya doria ni ngapi, na mafuta yake mnayajua ninyi.

Mtaniambia pia kwamba sado moja haimshibishi mtu miezi 3. Haimshibishi. Habari ya wavuvi kula nini wakati wa kufunga, mikopo, vizimba, mashamba, ni barua nyingine ndefu na wapo wanaoiandika vizuri kuniliko. Msitumie ombi langu kuwajibu wao.

Na mtaniambia dagaa wakirudi kwa wingi, mila itarudi yenyewe. Hapo nawabishia. Dagaa wetu walichukuliwa miaka ya 1950 mwishoni wakapelekwa Ziwa Kivu, wakashika, leo huko wanaitwa sambaza na watu wanaishi kwa ajili yao. Mwaka 1967 na 1968 wakapelekwa Kariba, wakashika huko pia. Samaki unaweza kumtia kwenye pipa ukamsafirisha akaanza maisha upya. Namna babu alivyougeuza ule mpini, na kujua kwa mchoto mmoja kwamba hawa bado wananyonya, haikuingia kwenye pipa lolote. Iko mikononi mwa wazee ambao Katonga kwetu niliwahesabu Julai ile wakafika 4, na mmoja haoni tena usiku. Mkifunga miaka 10 mfululizo bila usiku wowote, ziwa litafufuka, nami nitafurahi, na mtafungulia vipe na taa za sola, kwa sababu ndivyo pekee vitakavyokuwa vimebaki na watu wanaovijua.

Kama mnaweza, waiteni hao wazee 4 kwenye kikao chenu kabla ya tangazo lijalo. Si kwa kuwapigia makofi na kuwapa soda. Waulizeni dagaa wadogo huonekana lini karibu na mawe, na wapi, na mwaka gani hawakuonekana. Wana kumbukumbu zinazoanza kabla ya vitabu vyenu vya takwimu.

Kabla sijaondoka Katonga nilipanda darini kwa babu. Mti wa lusenga bado upo, umekauka ukawa mwekundu, duara lake halijapinda. Mpini tuliukuta unatumika kuangulia maembe. Wavu ndio umeoza, ukiushika unabaki na vumbi. Nilikata kipande nikakiweka kwenye mkoba ili nipate kipimo cha matundu, na nilipofika Dar es Salaam nikakipeleka Kariakoo kwa wauza nyavu. Uzi nimepata. Mjukuu ameshajifunza fundo la kwanza, la pili linamshinda bado.

Nasubiri tarehe yenu.

Wenu,
Mjukuu wa mvuvi wa Katonga,
muuza dagaa, Manzese